Nilivyosafisha Bwawa la Mama Mkwe

Mimi ni mtu wa maji. Miaka kumi na tisa nilitia dawa maji ya kunywa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, nikaanza kwa kubeba ndoo na nikamaliza nikiwa msimamizi wa matangi. Nilipostaafu nikarudi Kasulu mjini nikiwa na mgongo unaouma na imani kwamba hakuna maji chini ya mbingu yanayoweza kunibishia. Mke wangu alinipa cheo cha profesa wa ndoo. Nilicheka naye, lakini moyoni nilikipokea.

Nyumba tuliinunua kwa mkandarasi mmoja aliyekuja na miradi, akajenga kama mtu atakayekaa milele, kisha miradi ikaisha naye akaondoka. Nyuma ya nyumba aliacha bwawa la kuogelea, hatua kumi kwa tano, maji kiunoni upande mmoja na kifuani upande wa pili, pamoja na pampu na pipa la mchanga la kuchujia. Sisi kuogelea hatukujua wala hatukutaka. Bwawa likawa la kukingia maji ya mvua, halafu likawa la vyura. Majirani walipouliza kama tunafuga kambale, nami nina hasira za karibu, niliwajibu ndiyo, njooni Pasaka mnunue. Wawili walikuja kweli.

Bwawa hilo lisingenishughulisha kama si magoti ya mama mkwe wangu.

Yeye ni mtu wa Murungu, kule Kibondo, na amelima maharage na migomba yake peke yake tangu baba mkwe afariki. Mwezi wa tano magoti yalimvimba akashindwa hata kufika chooni bila kushika ukuta. Tukamleta kwetu, tukampeleka Kigoma, na mtaalamu wa viungo akasema dawa za kumeza zitapunguza maumivu tu. Kitakachorudisha miguu ni kutembea ndani ya maji ya kifuani, nusu saa kila siku, maana maji humbeba mtu uzito wake. Wakati huohuo wanawe wa kiume walikuwa wamekwisha kaa kikao. Walikubaliana kwamba mvua za kwanza zikimkuta hawezi kutembea, nyumba ya Murungu itafungwa, shamba litagawanywa, naye atazunguka kwa watoto, mwezi huku mwezi kule. Walisema kwa upendo, na kwa upendo huo hakuna aliyemuuliza yeye. Alimwambia mke wangu, "Mwanangu, mtu akishaanza kuzungushwa kama sufuria ya kuazima, amekwisha."

Nililisikia neno hilo nikiwa upande wa pili wa pazia, na hapo inabidi nieleze mambo ya pazia.

Kwetu Waha, hasa kwa watu wa umri wake, mkwe wa kiume na mama mkwe hawazoeani. Mkwe hamtazami mama usoni, hakai naye chumba kimoja, wakikutana njiani mmoja hupisha. Vijana wa siku hizi wanapiga picha na mama wakwe zao wameshikana mabega. Mimi na wangu, katika miaka thelathini na moja ya ndoa, hatujawahi hata kupeana mkono. Alipohamia kwetu, nilikohoa kabla ya kuingia ukumbini ili apate kujifunika na kugeukia ukuta. Akitaka kuniambia kitu, humwambia mke wangu: "Mwambie mumeo chai inapoa." Nami namsikia vizuri kabisa, nasema, "Mwambie mama nashukuru." Mke wangu yupo katikati anachambua maharage, hasemi neno, maana ujumbe umekwisha fika. Watu wa pwani wanatucheka kwa jambo hili. Mimi nalipenda. Ni heshima, na pia limepunguza ugomvi mwingi.

Basi mke wangu ndiye aliyekumbuka bwawa. Tulitoa vyura, nikatoa majani kwa wavu, nikafunga kamba kutoka ukingo hadi ukingo ya kushikia. Maji yalikuwa ya kijani, mazito kama mchuzi wa kisamvu, lakini mama alisema yeye ameoga mtoni maisha yake yote, kijani hakimtishi. Saa sita mchana, jua likiwa limepasha maji, kwa maana kipupwe cha huku hakina mchezo, mimi nilitoka nje ya geti nikaenda zangu sokoni. Yeye akaingia na kitenge chake cha zamani, mke wangu akishika kamba ya upande wa pili. Nikirudi napewa habari: leo mizunguko mitatu. Leo mitano. Leo ameimba. Nilikuwa na furaha ya mtu anayesikiliza mpira redioni.

Siku moja mke wangu aliteleza kwenye ngazi za bwawa akajigonga kiwiko. Ngazi zilikuwa zimefunikwa na mwani, ule utelezi wa kijani. Nikaona aibu. Mimi, mtu wa maji, mama mkwe wangu anatembea katika maji ya vyura, na akianguka yeye, magoti yale yatakuwa yamekwisha. Siku hiyo nikatangaza vita.

Nilianza kama nilivyozoea kambini. Kijiko cha klorini kwa kipimo cha maji ya kunywa, koroga, subiri nusu saa, pima. Kwenye kipimo hakuna kitu. Nikaongeza kijiko, hakuna kitu. Wiki nzima nililisha bwawa vijiko kama mtu anayenyonyesha mtoto kwa chupa, na kijani kikazidi kunawiri. Werevu mwingi mbele kiza. Badala ya kumuuliza mtu, nikakumbuka kwamba kwenye matangi tuliweka pia chokaa kurekebisha ukali wa maji. Nikamwaga chokaa, nusu ya mfuko. Asubuhi yake bwawa lilikuwa jeupe pepe, huoni kidole kilichozama nusu pima.

"Maziwa," mke wangu alisema. "Sasa tutafute majani ya chai."

Cha ajabu, mama aliyapenda. Alimwambia mke wangu, "Mwambie mumeo leo maji ni mazuri sana." Siku hiyo alikwenda mizunguko kumi na miwili, hajawahi. Nilivimba kichwa. Nilidhani anasifu ujuzi wangu.

Lakini mimi mwenyewe nilijua maji yale si maji. Nikampigia simu rafiki yangu wa Nyarugusu, Mkongomani ambaye kabla ya vita alikuwa akitunza bwawa la hoteli huko Bukavu, na ambaye kambini nilimfanya fundi wa mabomba kwa miaka sita bila kumuuliza hata siku moja kuhusu ujuzi wake wa zamani. Nikamweleza. Akacheka mpaka akakohoa.

"Patron, ile chlore ya kambi iko dawa ya kunywa. Piscine iko kitu ingine. Ile majani iko nakula dawa yako yote. Unamupa kidogo, anakula, anasema merci, anangojea ingine."

"Na chokaa?"

"Chaux? Wee! Chaux ya nini? Unapaka ukuta?"

Halafu akanifundisha, polepole, kama mimi nilivyokuwa nikiwafundisha wao kule kambini. Toa nusu ya maji, jaza mapya. Sugua kuta na ngazi kwa brashi ngumu mpaka mwani wote uachie, usibakize hata konani, maana unaobaki ndio mbegu. Pima ukali wa maji kwa karatasi kabla ya kutia dawa. Yakiwa kama ya chokaa, dawa hulala usingizi. Kisha tia klorini nyingi kwa mkupuo mmoja, jua likizama, maana ukitia mchana jua huila dawa kabla ya mwani. Pampu izunguke bila kupumzika. "Na ile sable ya filtre," akaniuliza mwishoni, "ulishaka kuisafisha?"

Sikuwa nimejua hata kwamba mchanga ule husafishwa. Nilipofungua lile pipa niliukuta umeganda kama ugali wa jana.

Kazi ilichukua zaidi ya wiki mbili, kwa sababu maji ya bomba kwetu huja kwa zamu. Mama alipumzika siku hizo, akijinyoosha miguu kitandani. Mimi nilisugua. Mgongo ulilalamika, nikauambia ungoje. Nilipotia ile dawa nyingi, kesho yake kijani kilikuwa kimekufa, maji yamekuwa ya kijivu kama ya kuoshea majivu. Rafiki yangu akasema kwenye simu hiyo ndiyo maiti yake, chuja tu. Nikachuja, nikaosha mchanga kwa kugeuza maji yapite kinyume, nikachuja tena. Kilichobaki ni ukungu mwembamba usiotaka kutoka. Hapo nikaenda duka la mzee mmoja wa asili ya Ujiji, anayewauzia vinyozi shabu, ile ya kupaka ndevuni baada ya kunyoa. Aliuliza nina saluni ngapi.

Shabu niliijua tangu kambini, hukusanya uchafu na kuuzamisha. Niliiyeyusha kwenye ndoo, nikaimwaga sawasawa, nikazima pampu, nikakataza mtu yeyote asitie hata kidole. Asubuhi uchafu wote ulikuwa umelala chini kama blanketi, na juu yake maji ambayo sikuamini ni yetu. Nikaufyonza kwa mpira, nikianzia pembeni, taratibu, kama mtu anayekunywa uji wa moto. Ukiharakisha, uchafu unatimka, nawe unaanza upya. Nilimaliza saa nne. Vigae vya chini vilikuwa na rangi ya samawati. Miaka yote hiyo sikujua vina rangi. Kulikuwa na msumari umelala upande wa kina kirefu, nikauona mpaka kichwa chake. Nilisimama pale nikiwa nimelowa, na nasema bila haya kwamba nilijipenda. Niliwaita majirani wa kambale waje waone.

Nikapima, dawa ikawa imeshuka kiasi cha mtu kuingia. Saa sita nikaenda sokoni nikingoja habari.

Niliporudi mke wangu akasema mama hakuingia. Anasikia baridi. Kesho yake, tumbo. Keshokutwa ilikuwa Jumapili. Jumatatu alisema apumzike kidogo. Wiki ikapita. Asubuhi nilisikia fimbo yake ukumbini, ko, ko, kisha kimya kirefu, kisha ko, na nilijua magoti yanarudi kule yalikotoka. Kwenye simu mwanawe mkubwa aliuliza hali. Nilimsikia mama akisema nzuri, kwa sauti ya mtu anayefunga mlango.

Nikakasirika. Nilimwambia mke wangu, na sikupunguza sauti, kwamba mimi nimevunja mgongo wangu kwa ajili ya mtu anayedeka. Mke wangu aliweka chini ungo wake.

"Ukisimama pale ukingoni unaona chini?"

"Naona mpaka msumari."

"Na yeye ameona."

Sikuelewa. Akanieleza kama anavyoelezwa mtoto. Siku ile ya kwanza mama alifika mpaka ukingoni, akashusha mguu mmoja, kitenge kikaelea juu. Kitenge huelea, hakuna namna. Akaangalia mapaja yake yako wazi ndani ya maji kama yako kwenye kioo. Kisha akainua uso akaona dirisha la chumba chetu cha kulala, linalotazama bwawa moja kwa moja, dirisha ambalo mimi hukaa mbele yake kila asubuhi kunywa chai. Akatoa mguu. "Maji yale machafu alikuwa ameyavaa," mke wangu akasema. "Wewe ukamvua nguo, halafu ukaita majirani."

Sijawahi kuona haya kama siku ile. Nilitaka kusema kwamba mimi huwa sokoni, kwamba nisingechungulia hata kwa kutishwa na bunduki. Lakini neno hilo halina maana. Mama mkwe hahitaji kuonwa ili aaibike. Inatosha kwamba anaweza kuonwa, na dirisha ni la mkwewe.

Nilikwenda stoo. Nusu ya mfuko wa chokaa ilikuwa bado pale. Niliijaza kwenye ndoo nikaenda nayo ukingoni, na ninaungama kwamba niliinua. Mkono mmoja tu, bwawa lingekuwa maziwa, na saa sita angekuwa ndani anaimba. Kilichonizuia ni tangi moja la kambini, lililokuwa na maji ya tope, na jinsi tulivyoitafuta sufuria iliyotumbukia humo, watu watatu, kutwa nzima, tukipapasa. Sufuria tu. Mama angeteleza ndani ya maziwa yale, mke wangu angepapasa wapi? Nikarudisha chokaa stoo.

Mke wangu ndiye aliyepata dawa ya kitenge. Alimshonea mama gauni la kitambaa kizito cha sare, refu mpaka kwenye vifundo, na kwenye pindo akatia chubwi, yale madonge ya risasi wanayofunga wavuvi kwenye nyavu, aliyoagiza Kigoma. Gauni lilipotiwa kwenye ndoo kwa majaribio lilizama likakaa wima kama askari.

Sehemu yangu ilikuwa dirisha. Sikusema naweka pazia, maana pazia hufunguliwa. Nilichukua mabati mawili na misumari, nikaliziba kwa nje, nikipigilia kwa nguvu kuliko ilivyohitajika ili kila aliye ndani asikie. Chumba kikawa giza saa nane mchana. Chai ya asubuhi nikahamia nayo barazani, nikitazama barabara na mbuzi wa watu. Nilikosa lile bwawa langu la samawati, siwezi kudanganya. Nilikuwa nimelitengeneza na sasa nililiona tu wakati wa kulifagia.

Kesho yake niliporudi kutoka sokoni mke wangu alikuwa getini.

"Minane," alisema. "Na kasema ngazi hazitelezi."

Tangu hapo siku zilienda vizuri. Alfajiri nilisugua kuta hata zisipohitaji, nikaosha mchanga kila wiki, nikatia dawa jua likizama. Rafiki yangu wa Nyarugusu alipiga simu kuuliza hali ya piscine kabla ya kuuliza hali yangu. Mizunguko ikawa kumi na tano, ikawa ishirini, kamba ikaachwa. Mke wangu aliniambia uvimbe umekwisha, kwamba mama anapanda ngazi mguu kwa mguu, kwamba ameiacha fimbo nyuma ya mlango. Mwezi wa tisa mawingu yakaanza kujikusanya upande wa Burundi. Mama akampigia mwanawe mkubwa mwenyewe, akamwambia asiguse mbegu za maharage, anakuja kuzichagua.

Siku moja kabla ya safari, mke wangu alikwenda stendi kukata tiketi za Kibondo. Mimi nilikuwa kando ya bwawa nikiokota majani kwa wavu. Nikasikia mlango wa jikoni, kisha hatua, na hazikuwa za mke wangu. Nikaweka wavu chini nikageukia ukuta, kama inavyotakiwa. Hatua zikasimama nyuma yangu, mbali kidogo. Tulikuwa wawili tu nyumbani, na hapakuwa na mtu wa kutumwa. Palikuwa na kuku mmoja mwekundu akiparua chini ya mpapai.

"We kuku," mama mkwe akasema. "Mwambie mwenye nyumba kesho naondoka."

Kuku aliendelea kuparua.

"Kuku," nikasema, "mwambie mama safari njema. Mwambie nilitaka kujua magoti yanasemaje."

Nilidhani nimevuka mpaka.

"Mwambie aangalie mwenyewe," akasema. "Mwambie nampa mgongo. Mgongo hauna ukwe."

Nikasikia hatua zikianza tena, zikienda mbali nami. Nikageuka. Alikuwa amejifunga kanga mbili, mkono mmoja ameshika pindo, mkono wa pili unaning'inia mtupu bila fimbo, anakwenda kwenye njia ya kokoto inayoelekea getini. Miezi minne nilikuwa nimeletewa habari za miguu ile, nami sikuwa nimeiona ikipiga hata hatua moja. Ilikuwa miembamba kuliko nilivyodhani, imepinda kidogo kwa nje, na ilikanyaga kokoto moja baada ya nyingine bila kutafuta. Nililia, na hapakuwa na mtu wa kumficha. Alipofika getini akasimama, hakugeuka. Nikajua ananingoja mimi nigeukie ukuta kwanza ndipo arudi.

Sikugeuka upesi.